Niliruka Angani na Marehemu Mume Wangu

Nyinyi mlionitumia ujumbe wiki nzima mkiniita mwongo, kaeni vizuri. Na nyinyi mlioniombea, asanteni sana. Maombi yenyewe yalihitajika kuliko mlivyodhani.

Kwa aliyechelewa: mimi ni msusi. Miaka minne iliyopita mume wangu, fundi wa kupaka rangi maghorofa, alitoka kwenda kuogelea na hakurudi. Wifi yangu ndiye aliyeniletea shati lake na viatu, vilivyokutwa mchangani. Mwili haukuonekana. Tuliomboleza bila maiti, nikalia mpaka sauti ikanikauka. Muda ukapita. Mwoka mikate wa mtaani kwetu, naye kafiwa na mkewe, akaanza kunichagulia mkate wa moto kuliko wote. Ijumaa hii tunaoana.

Ndipo mteja mmoja, namsuka, akanionyesha video ya siku aliyoruka na parachuti juu ya bahari. Nyuma ya kichwa chake alikuwepo mwalimu wa kuruka aliyefungwa naye kwa mikanda, anacheka. Ule mwanya ulikuwa wa mume wangu. Hapo ndipo nilipowaacha, kitana kimeniponyoka mkononi.

Haya. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa wifi yangu, dada yake marehemu. Tangu msiba ule hatuachani. Ndiye aliyekuwa akilala chumbani kwangu na kunilazimisha kula, na siku hizi ananisaidia saluni.

"Wifi," nikamwambia, "kaka yako yu hai."

Alikuwa anakunja mataulo. Akaendelea kukunja.

"Kaka yangu yupi?"

"Una kaka wangapi? Nimemwona kwenye simu ya mteja. Anarusha watu kwa parachuti."

Akaliweka taulo chini, akaja kunishika paji la uso.

"Homa huna," akasema. "Ni harusi hii. Ukikaribia kuolewa mara ya pili, akili inakurudisha kwa yule wa kwanza. Kunywa maji ulale."

"Nimeuona mwanya wake."

"Wenye mwanya ni wengi. Hata mimi ninao."

Kweli anao. Lakini mimi sikuwa nimelala na mwanya wa wifi yangu kwa miaka saba.

Nikamwambia wazi kilichonitisha. Kama mume wangu yu hai, mimi bado ni mke wa mtu. Ijumaa nitasimama mbele ya watu niseme nakubali, halafu siku moja marehemu abishe hodi? Nitamweleza nini mwoka mikate? Nilitaka jambo moja tu kabla ya Ijumaa: kaburi au talaka. Chochote kati ya hivyo viwili, nisonge mbele.

Yule mteja alikuwa amelipiwa kuruka mara mbili. Mara ya pili ilimshinda, akanipa nafasi yake. Na pale kiwanjani, alisema, ndani ya uzio haingii mtu ila anayeruka na aliyemsindikiza. Nilipomwuliza kama inatisha, alinitazama kwenye kioo akasema, "Nilijikojolea, dada, lakini usimwambie mtu."

Sasa nimewaambia wote. Anisamehe.

"Nitapiga simu mimi," wifi akasema, "wewe mikono inakutetemeka." Akapiga. Siku akaichagua mwenyewe, Jumatano, eti siku hiyo watu huwa wachache. Mimi nikaona ananihurumia. Kisha akaifunika simu kwa kiganja.

"Wanauliza una kilo ngapi."

Saluni ilikuwa imejaa. Wanawake sita, masikio kumi na mawili. Niambieni nyinyi, mwanamke gani anataja kilo zake za kweli mbele ya wifi yake?

"Sabini," nikasema.

Wifi akanitazama kiunoni, akaguna, akaitia simu sikioni. "Sabini."

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi hicho.

Jumatano tukafika. Lilikuwa banda refu la mabati kando ya kiwanja kidogo cha ndege, na bahari iko upande wa pili wa barabara. Ndani kulikuwa na meza ndefu, vijana wawili wanakunja parachuti kama wafua nguo wanavyokunja shuka za hoteli. Kwenye meza ya mlangoni alikaa mwanamke mwenye kalamu sikioni. Karibu naye alisimama mwalimu mmoja mkubwa, mkubwa kweli, wanayemwita Kontena.

"Karibu, mteja wangu," Kontena akasema. "Leo unaruka na mimi. Panda mizani."

Ile mizani sikuitegemea. Nilidhani mtu anapima kwa siri, anaangalia chini, anashuka. Hii yao namba zinawaka ukutani, nyekundu, kubwa kama za mnadani. Nikapanda. Ukuta ukasema themanini na nane.

Wale vijana wakaacha kukunja.

"Dada," Kontena akauliza kwa upole, "hizi nyingine umezipata njiani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wifi hakucheka, na hilo lilinishangaza, maana yeye hucheka hata mtu akijikwaa.

Kontena akanieleza. Parachuti moja inabeba watu wawili, na uzito wao hujumlishwa. Yeye peke yake ni mzigo. Kwa hiyo mtu mzito anaruka na mwalimu mwembamba, na mtu mwepesi ndiye wa Kontena. Hapo hawabishani na mizani hata kwa mkubwa wa serikali.

"Huyu ni wa Popo basi," mwanamke wa mezani akasema.

"Popo yuko mapumziko leo," Kontena akajibu.

"Anakaa hapo nyuma tu. Ngoja nimwite."

"Popo ni nani?" nikauliza.

Akaichomoa kalamu sikioni, akanionyesha ukuta wa picha za walimu. Ya tatu kutoka mlangoni.

Alikuwa amekonda, na ndevu amefuga. Lakini alikuwa yeye. Marehemu wangu, kavaa fulana ya njano, anacheka na watu wasiomjua.

"Si yeye," wifi akasema haraka. Alikuwa amenishika mkono. "Kaka uso wake ulikuwa wa duara. Huyu ni mtu mwingine. Twende zetu."

"Wifi, mtazame vizuri."

"Nimemtazama. Twende nyumbani, nakwambia."

Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Nikamwonea huruma. Ni ndugu yake wa damu, nikasema moyoni, hana nguvu ya kutumaini tena. Akaniachia, akatoka nje na simu sikioni. Nilimwona kupitia dirisha anakwenda huku, anarudi kule. Alipoingia uso ulikuwa umembadilika.

"Hapokei," akasema.

"Nani?"

"Mama. Nilitaka kujua kama amekula."

Mwanamke wa mezani hakuwa na habari na vilio vyetu. Alinilaza kifudifudi juu ya benchi akanifundisha kuruka. Mgongo upinde kama ndizi. Kichwa nyuma, begani kwa mwalimu. Miguu ipitishe katikati ya miguu yake. Wakati wa kutua pale ufukweni inua magoti mpaka kifuani, usipoinua unavunjika wewe na unamvunja na yeye.

"Na jambo la mwisho," akasema. "Mlangoni mwalimu atakuuliza kama uko tayari. Lazima ujibu kwa mdomo wako. Ukisema hapana mnarudi na ndege. Ukinyamaza mnarudi na ndege. Hapa hatusukumi mtu."

Mimi kuruka sikuwa na nia hata kidogo. Sikilizeni, mimi ninaogopa ngazi. Shoga yangu anakaa ghorofa ya tatu na hajawahi kuniona mlangoni kwake, huniletea maneno chini. Nyumbani taa ikiungua naita jirani. Mpango wangu ulikuwa kumngoja Popo pale pale bandani, nimkamate shati mbele ya watu.

"Amefika?" nikauliza nilipokwisha kuvalishwa mikanda.

"Zamani. Amepitia upande wa pili, yuko ndani ya ndege. Injini inawaka. Unakwenda, au nimwambie arudi akalale?"

Nikatazama nje. Kile kindege kilikuwa kinatetemeka peke yake kabla hata hakijaondoka.

"Usiende, wifi," wifi akasema. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Nakuomba. Ukianguka nitamwambia nini mwoka mikate?"

Nusura nikubali. Nawaambia kweli, mguu mmoja ulikuwa umeshageuka kwenda kwenye geti. Lakini nikafikiri: akirudi kulala leo, kesho atasikia kuna mwanamke alikuja kumwulizia, na kesho kutwa hatakuwa Popo tena. Atakuwa na jina lingine, mahali pengine. Nami Ijumaa ndiyo hiyo.

Nikakata shauri. "Nishikie mkoba," nikamwambia wifi, "na unisubiri ufukweni."

Ndege ile haikuwa na viti. Haikuwa na mlango hasa, ila pazia gumu la plastiki la kukunja juu. Kontena alikuwa ameshakaa na binti mmoja mwembamba wa chuo aliyekuwa anacheka kila kitu. Nyuma ya rubani alikaa mtu mwenye kofia ngumu, miwani mikubwa na kitambaa kilichomziba pua na mdomo. Akanionyesha kwa kidole nikae katikati ya miguu yake, mgongo wangu kwake.

Hakunitambua. Nami nilikuwa nimebanwa miwani, na kofia imelaza nywele zangu zote. Nikampa mgongo, nikakaa.

Ndege ikakimbia, ikaruka.

Sitawadanganya kwamba niliiona bahari. Nilikuwa nimefumba macho. Kila ndege ilipoyumba nilishika nilichokipata, na nilichokipata kilikuwa mguu wa suruali wa yule mtu. Nilimwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Nikamwahidi kuacha umbea. Binti wa chuo akanifinya shavu akasema, "Mama, fumbua macho, unakosa uhondo!" Nikatamani kumpiga kofi, ila mikono ilikuwa na kazi.

Tulipofika juu sana yule mtu akaanza kunifunga kwake. Kulabu nne: mbili mabegani, mbili kiunoni. Akavuta mkanda wa kwanza mpaka pumzi zikanitoka, akaujaribu, akaupiga kofi mara mbili.

"Nyumba imefungwa," akasema.

Akavuta wa pili. Makofi mawili. "Nyumba imefungwa."

Kwa miaka saba nilisikia maneno hayo kila usiku. Alikuwa akizunguka nyumba, mlango wa mbele, mlango wa uani, anapiga kofi mara mbili kwenye mbao na kusema nyumba imefungwa. Nami kitandani nilikuwa na jibu langu. Lilinitoka lenyewe.

"Na funguo ziko wapi?"

Mikono yake ikasimama. Kifua chake, kilichokuwa kinapumua mgongoni kwangu, kikaacha kupumua.

Halafu sauti ikaja sikioni, ndogo, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Chini ya mto wako."

Jamani.

Siwezi kuwaeleza. Nilitaka kugeuka nikashindwa, mikanda imenikaza. Nilitaka kupiga kelele, Kontena akanitangulia kwa kelele zake. "Mlango!" Lile pazia la plastiki likapanda juu, na upepo ukaingia ndani kama mtu mwenye ugomvi. Kontena na binti wakajikokota mpaka ukingoni. Binti anacheka. Halafu hawakuwepo tena, mahali walipokuwa pamebaki shimo.

Tukabaki mimi, yeye na rubani ambaye hakugeuka.

Hapo ndipo hofu ya kweli iliponiingia, ile ya kwanza ilikuwa mchezo. Huyu ni mwanamume aliyeona bora afe kuliko kuishi na mimi. Na sasa mimi, mtu pekee anayejua kwamba hakufa, nimening'inia kifuani kwake kwa kulabu nne alizozifunga mwenyewe. Akizifungua watu watasema nini? Watasema mama mnene alihangaika angani. Bahari ipo chini, na bahari hii familia yetu tumeshaizoea kwa kupoteza watu.

Akatusukuma mpaka mlangoni. Miguu yangu ikatokea nje, ikapigwa na upepo. Nilitazama chini mara moja. Mstari mweupe wa mawimbi ulikuwa mwembamba kama uzi, na banda la mabati lilikuwa punje.

"Sema hapana," akaniambia sikioni. Sauti ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. "Sema hutaki. Turudi na ndege, tuzungumze chini."

"Kweli tutazungumza?"

"Kweli."

Nusura niseme. Hapana lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Lakini namjua. Neno "kweli" yeye hulisema hivyo hivyo anapodanganya, na macho anayapeleka pembeni. Macho yake sikuyaona, ila sauti niliitambua. Chini ana miguu. Chini alishanikimbia mara moja, akaniachia viatu. Hewani atakimbilia wapi, na mimi nimefungwa kwake?

Nikapiga moyo konde.

"Niko tayari," nikasema.

"Mke wangu, tafadhali."

"Niko tayari! Niko tayari! Umenisikia?"

Rubani akageuka akaona mteja anapiga kelele za utayari, akatuonyesha dole gumba. Popo hakuwa na njia. Akainama mbele.

Sikupinda kama ndizi. Nilijikunja kama mtoto tumboni, nikapiga yowe ambalo halikutoka, maana upepo uliliingiza tena mdomoni. Mashavu yalinipiga masikio. Anga ikawa chini, bahari ikawa juu, halafu vikabadilishana tena. Mkono wake ulinishika kidevu ukanivuta kichwa nyuma, begani kwake, na nilijua ananivunja shingo. Nikamng'ata kidole. Hakukiondoa.

Nilikuwa nakufa. Niliona watu watakavyokuja saluni kwangu kukuta pamefungwa. Nilimwona mwoka mikate ameshika mkate mikononi, hajui ampe nani.

Halafu kitu kikatukamata kwa nguvu, mikanda ikanikata mapaja, na kelele zote zikaisha.

Kimya. Juu yetu parachuti ya njano imetanda. Miguu yangu inaning'inia juu ya bahari na viatu vyangu bado viko miguuni. Nikazigusa kulabu moja moja. Zote nne zilikuwepo.

Hakuniua. Basi nikaanza kulia.

"Sikujua ni wewe," akasema.

"Mgongo wangu umeusahau?"

"Nimeambiwa kuna mteja mmoja wa kilo nyingi."

Yaani nimefika mpaka angani nitukanwe na maiti! Machozi yakakatika, hasira ikachukua nafasi.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Nilikukosea nini?"

"Tukifika chini nitakueleza."

"Hapa hapa. Chini siamini miguu yako."

Akavuta kamba moja, tukageuka polepole, pwani yote ikapita mbele yangu kwa ulalo. Nikashika mikanda na kufumba macho tena.

"Hukunikosea kitu," akasema. "Siyo wewe niliyemkimbia."

"Ulimkimbia nani?"

Akavuta kamba ya upande wa pili.

"Sawa," nikasema, "sitaki hadithi. Nataka talaka. Itamke sasa hivi."

"Maiti haitoi talaka."

"Basi fufuka!"

"Nikifufuka kuna mtu ataingia jela."

"Wewe?"

"Mimi ningeshaingia zamani nikapumzika. Siyo mimi."

Alikuwa analia. Nilihisi kifua chake kinaruka mgongoni kwangu, na nilijichukia kwa sababu mwili wangu ulikuwa unakijua kile kilio na ulitaka kukinyamazisha. Miaka minne, jamani. Nimemlilia mtu huyu mpaka nikaugua macho, na yeye alikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja kwa basi, anafundisha watu kujipinda kama ndizi.

"Mama yako," nikamwambia, "mpaka leo geti likigongwa anauliza ni nani."

Tulikuwa tumeshuka. Nilianza kuona watu mchangani, wadogo kama njugu, na kitambaa chekundu walichotandika mahali pa kutua. Pembeni yake alisimama mtu mwenye gauni la kijani. Wifi yangu. Nilimwona anatukimbilia, anasimama, anakimbia tena.

"Ijumaa naolewa," nikasema. "Nilitaka ulijue hilo."

"Najua. Mwoka mikate. Wanasema ni mtu mzuri."

Katika banda lile sikumtaja mwoka mikate mbele ya mwalimu hata mmoja, na mtu huyu hakuwepo. Fikra zikanipeleka kwa mteja wangu wa video. Yule mwenye mdomo! Nilimsimulia kila kitu wakati namsuka. Kumbe alinipa nafasi yake kwa makusudi? Kumbe anamjua?

"Nani anasema?"

"Acha."

"Nani anakuletea habari zangu?"

"Inua miguu."

"Sijakuuliza habari za miguu! Nani?"

"Inua miguu, mke wangu, tunatua!"

Mchanga ulikuwa unakuja mbio. Nikainua mguu mmoja, wa pili ukakataa. Tukagonga chini, tukaburutwa, nikala mchanga mpaka kooni, na ile parachuti ikatushukia ikatufunika. Gizani mle nilimsikia anagugumia kwa maumivu. Mguu wake ulikuwa chini ya themanini na nane zangu zote.

Hakuondoka. Hata angetaka asingeweza, maana kulabu zilikuwa bado zimefungwa.

Nikaanza kuisukuma ile parachuti kwa mikono. Nilikuwa na wazo moja tu: wifi anakuja, atamwona ndugu yake aliyemzika bila mwili, na moyo wake utasimama. Lazima nimwandae. Lazima nimwambie akae chini kwanza.

"Wifi!" nikapiga kelele. "Wifi, usiogope! Kaa chini! Ni yeye, yu hai!"

Parachuti ikavutwa kutoka nje, mwanga ukatuangukia. Wifi alisimama juu yetu, anahema, mkoba wangu begani na simu mkononi. Kofia ya mume wangu ilikuwa imemtoka, na kitambaa kimeshuka kidevuni. Uso wake wote ulikuwa wazi.

Nilingoja azimie. Nilinyoosha mkono nimdake.

Hakunitazama hata mara moja. Alimtazama yeye.

"Si nilikwambia," wifi akasema, "leo usije kazini?"